Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Safari za Klabu Yetu ya Mapango

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa na wanaotaka kujiunga, na wazazi wao, na wenye mashamba ambayo mdomo wa pango umefunguka humo, na mara mojamoja na watu wanaotaka tu kujua kama tuna akili timamu. Hilo la mwisho tumeshindwa kulijibu. Mengine ni haya.

Sijawahi kuingia pangoni hata siku moja. Mtanipokea?

Tutakupokea. Karibu sote tulianza hivyo. Safari ya kwanza huwa ya pango la mlalo, lisilo na kamba wala maji ya kupita magoti, na tunaingia wachache. Hatutafuti watu wenye misuli. Vijana wenye nguvu hujichosha saa ya kwanza kwa kujivuta kwa mikono, halafu wanarudi wakitetemeka mapaja. Mama wa makamo anayeweka mguu taratibu na kupima jiwe kabla ya kulikanyaga huwaacha nyuma. Tunachotaka ni mtu akiambiwa "simama hapo" anasimama, kisha anauliza kwa nini.

Mnafanya nini hasa huko chini?

Safari zetu ni za aina tatu. Kuna za uchunguzi: kufuata njia ambayo haimo kwenye ramani, kuchimbua kifusi kinachopitisha upepo, kushuka shimo ambalo hatujui limeishia wapi. Kuna za upimaji. Na kuna za usafi na hifadhi. Wageni wengi hudhani uchunguzi ndio utamu wenyewe na hizo mbili ni adhabu ya kuulipia. Sisi tunaona kinyume. Kwetu njia isiyopimwa haijagunduliwa. Ukirudi unasema umeona ukumbi mkubwa ajabu na daftarini huna hata namba moja, tutakusikiliza kwa adabu kama anavyosikilizwa mvuvi anayesimulia samaki aliyemponyoka.

Ndiyo maana tukipata njia mpya tunapima huku tunakwenda. Hatukimbilii mbele kuchungulia tukisema tutarudi kupima siku nyingine, maana siku hiyo haiji.

Naogopa sehemu zinazobana. Nitaweza?

Huenda. Hofu ya kubanwa si aibu, na mapango mengi yana njia pana ambazo unaweza kutembea umesimama wima. Kwa wanaotaka kujijua tuna kisanduku cha mbao kilicho wazi pande mbili, ambacho mfuniko wake hushushwa kidogokidogo. Unatambaa ndani yake sebuleni, taa zikiwaka, watu wakikucheka, na unajua kifua chako kinapita wapi na kinakwama wapi. Ni bora kuyajua hayo kwenye zulia.

Pangoni kwenyewe ujanja ni pumzi. Mtu akibanwa huvuta hewa nyingi kwa woga, kifua kinatanuka, anabanwa zaidi. Toa pumzi yote polepole, utasikia mwamba umekuachia kidogo, sogea kiasi cha kidole, kisha vuta hewa tena. Geuza kichwa ubavu. Mkono mmoja utangulie na mwingine ubaki kando ya paja, ili mabega yapite kwa mshazari. Na usiingie kichwa chini mahali ambapo hujui kama kuna nafasi ya kugeukia, hili hatulijadili. Ukisema "narudi", tunarudi wote, na hakuna atakayekuuliza tena njiani.

Nije na nini?

Taa. Taa tatu, kila moja ikiwa na uwezo wa kukutoa nje peke yake, na ya kwanza iwe imefungwa kwenye kofia ili mikono ibaki huru. Mwanga wa simu hatuuhesabu. Kofia iwe ngumu, yenye mkanda wa kidevuni, ya aina ya wapanda miamba. Helmeti ya pikipiki ni nzito na inakuziba masikio, na pangoni masikio ni nusu ya macho. Vaa ovaroli au nguo nyingine ya kitambaa kigumu, gambuti au buti zenye soli ya kushika, glavu, na kinga za magoti. Kinga hizo wengi hudharau safari ya kwanza na huziomba safari ya pili.

Chini ya ovaroli usivae pamba. Pango hukaa kwenye joto linalokaribia wastani wa mwaka mzima wa eneo lililo juu yake, kwa hiyo kama nje ni joto kali, ndani utaona kama umeingia mtungini. Pamba ikilowa haikauki, na inakunyonya joto la mwili taratibu mpaka unaanza kuwa mzito wa kufikiri. Nguo za sufu au za nyuzi za viwandani hupasha hata zikiwa na unyevu.

Vifaa vya kamba ni vya klabu. Tafadhali usije na kamba yako uliyokuwa unafungia mizigo.

Ni lazima nijue kupanda kamba?

Kwa mapango ya mlalo, hapana. Kwa ya mashimo, ni lazima, na utajifunza nje kwanza, juani, juu ya mti au mwamba. Kushuka ni rahisi mno, na ndiyo hatari yake: mtu yeyote anaweza kushuka mita 40 kwa dakika chache, lakini si kila mtu anaweza kuzipanda tena akiwa amelowa na amechoka. Kwa hiyo hatukuulizi unashukaje. Tunataka kukuona ukipanda, kisha ukiwa katikati ya kamba ubadilishe vifaa ushuke, kisha ubadilishe tena upande, bila kutetereka. Tunazingatia jambo moja zaidi: mtu aliyening'inia kwenye mikanda bila kusogeza miguu anaweza kuzimia haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo hatumwachi mtu ananing'inia "apumzike".

Safari inachukua muda gani?

Mrefu kuliko utakavyohisi. Gizani saa ya mwilini hupotea. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alikaa miezi miwili peke yake ndani ya pango la Scarasson, kwenye milima ya Alps, bila saa wala mwanga wa jua. Alipotolewa tarehe 14 Septemba, kwa hesabu yake mwenyewe ilikuwa bado tarehe 20 Agosti. Sisi hatukai miezi, lakini hutokea kila mara mtu akatoka akidhani ni alasiri na kukuta nyota. Panga ukitarajia siku nzima, na usiahidi mtu chochote jioni ile.

Mnapimaje pango? Si kuna giza?

Hapa tutajibu kwa urefu, kwa sababu ndiyo kazi utakayoifanya mara nyingi zaidi.

Timu ya kawaida ni watu watatu. Wa kwanza anatangulia na kuchagua kituo: ncha ya jiwe, au nukta ndogo ukutani, mahali ambapo mtu ataweza kulenga mbele na nyuma bila kuvunjika shingo. Wa pili anashika chombo na kusoma vitu vitatu, yaani umbali, mwelekeo wa dira na mwinamo. Wa tatu anaandika na kuchora. Mazungumzo yenyewe ni haya: "Kumi na nne kwenda kumi na tano. Sita nukta nne mbili. Mia mbili kumi na nane. Hasi kumi na moja." Mwandishi anayarudia yote kwa sauti kama karani wa mahakama, msomaji anaitikia "ndiyo". Kisha upana: kushoto, kulia, juu, chini. Kisha mnasogea mita sita na ushei, mnaanza upya. Mtafanya hivyo mara hamsini, na pengine mara thelathini kati ya hizo mmelala kifudifudi.

Zamani chombo kilikuwa vitu vitatu: tepu, dira na kipima mwinamo. Siku hizi kuna kifaa cha leza kinachosoma yote matatu kwa kubonyeza mara moja na kuyatuma kwenye simu au tableti, na programu kama Survex na Therion hugeuza namba kuwa mstari wa pango. Lakini mstari ni mifupa tu. Nyama yake, yaani ukuta umepinda wapi, maji yanaingilia wapi, dari imeshuka wapi, sakafu ni mchanga au kifusi, huchorwa kwa mkono na mtu aliyekaa pale akitazama. Mchoraji mzuri ni adimu kuliko mpandaji mzuri wa kamba, na ndiye anayeganda kwa baridi kuliko wote, maana kazi yake ni kukaa. Mwoneeni huruma, mbebeeni begi.

Kosa hujulikana vipi? Njia ikizunguka na kurudi kwenye kituo cha zamani, namba zote zikijumlishwa zinapaswa kukuleta palepale. Mimi niliwahi kuleta mzunguko uliokataa kufunga kwa mita nne. Mita nne! Kwenye ramani nilikuwa nimeingia ukutani nikatokea chumba cha jirani. Tulitafuta kosa kwenye hesabu wiki nzima, kumbe kosa lilikuwa kichwani kwangu kwa maana halisi: nilikuwa nimenunua taa mpya, na nilipoinama kusoma dira, kisanduku cha betri kilikuwa kinaikaribia sindano na kuivuta. Tulirudi kupima upya njia yote. Tangu siku hiyo kila anayepima na mimi anasoma mara mbili, mbele na nyuma. Mbele ikisema 218, nyuma lazima iseme 38. Zikitofautiana zaidi ya nyuzi mbili hatusogei.

Na andika tarehe kila ukurasa. Kaskazini ya sumaku huhama kadiri miaka inavyopita, na daftari lisilo na tarehe linamfanya mtu wa kesho akisie.

Kwa nini msitumie GPS ya simu tu?

Mawimbi ya setilaiti hayapenyi mwamba. GPS tunaitumia kupata mdomo wa pango, basi. Hatua kumi ndani, simu yako haijui ulipo kama wewe mwenyewe usivyojua.

Kwani bado kuna mapango ambayo hayajagunduliwa?

Mengi sana, na hata yanayojulikana hayajaisha. Mammoth Cave ya Marekani, ambalo ndilo refu kuliko yote yaliyopimwa duniani, limeshapita kilomita 680 na bado linaongezeka kila watu wanapoingia na dira. Sehemu ya urefu huo ilipatikana tarehe 9 Septemba 1972, pale kikosi kidogo kilichokuwa kimeingilia pango la jirani la Flint Ridge kilipopenya kwenye maji na matope kwa saa nyingi, kisha aliyetangulia akaona mbele yake reli ya chuma ya kushikia watalii. Walikuwa wametokea ndani ya Mammoth, kumbe ni pango moja.

Kwa kina, kizingiti cha mita 1,000 kilivukwa mara ya kwanza mwaka 1956 katika pango la Gouffre Berger, Ufaransa. Leo pango la Veryovkina, lililoko Abkhazia kwenye milima ya Kaukazi, limepita mita 2,200.

Lakini mfano ninaoupenda ni pango la Lechuguilla, huko New Mexico, Marekani. Kwa miaka mingi lilijulikana kama kishimo kisicho na maana ambamo watu walichota mbolea ya popo. Wachunguzi wakasikia upepo ukivuma chini ya kifusi cha sakafuni, wakaomba ruhusa, wakachimba, na mwaka 1986 wakatoboa. Sasa linahesabika kwa zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo ukituona tumeweka kitambaa chembamba mbele ya tundu la panya na tunakitazama kimya kimya, tunatazama kama kinatikisika. Upepo hautoki mahali padogo.

Mbona hamsemi mapango yenyewe yako wapi?

Kwa sababu tumewahi kusema. Baada ya mwezi mmoja tu kulikuwa na majina yamechorwa kwa rangi ukutani. Ramani zetu tunazitoa, lakini zile zinazosambazwa kwa wote tunaziondolea mahali mdomo ulipo. Wenye haki ya kujua, yaani mwenye ardhi, mamlaka ya hifadhi na watafiti, wanapewa zote.

Na kila safari tunaomba ruhusa upya, hata kwa mwenye shamba aliyetuzoea. Lango tulilolikuta limefungwa tunalifunga. Tulilolikuta wazi tunaliacha wazi. Yapo mapango ambayo wenyeji husali humo au wamezika wazee wao. Tukiambiwa hapana, ni hapana, na hatuulizi mara ya pili kupitia kwa mtu mwingine.

Nikiokota kijipande kimoja kidogo cha jiwe la pango kilichokwisha kuvunjika?

Usiokote. Mvua inapopita kwenye udongo hubeba hewa ukaa na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo huyeyusha chokaa iliyo mwambani, na tone likifika darini na kukutana na hewa ya pango huiachia chokaa hiyo tena, punje kwa punje. Stalagmiti, yaani nguzo za chokaa zinazoota sakafuni, nyingi hukua kwa sehemu tu ya milimita kwa mwaka. Kijipande cha urefu wa kidole unachotaka kukiweka juu ya kabati huenda kilianza kabla mtu yeyote hajaandika neno lolote. Hata kikiwa kimevunjika, watafiti husoma ndani yake historia ya mvua, tabaka kwa tabaka, na kwa hilo ni lazima wajue kilikuwa kimekaa wapi.

Kwa mifupa na vigae ni vivyo hivyo, tena zaidi. Mwaka 2013 wachunguzi wawili wa mapango walijipenyeza kwenye ufa mwembamba katika pango la Rising Star, Afrika Kusini, wakakuta mifupa imetapakaa sakafuni. Walipiga picha, wakazipeleka kwa wataalamu. Mifupa ile ikaja kuwa ya jamii mpya ya binadamu wa kale, Homo naledi. Na katika Panga ya Saidi, Kenya, mabaki ya mtoto aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita yalikuwa laini kiasi kwamba yalifunikwa kwa plasta na kutolewa pamoja na udongo wake. Wanasayansi walimpa jina Mtoto. Mtu angekuwa amepita pale na begi lenye haraka, kusingebaki Mtoto.

Kwa hiyo: simama, weka kitu cha kuonyesha ukubwa, piga picha, andika kituo kilicho karibu, zunguka mbali.

Siku za usafi mnafanya nini?

Kwanza tunatoa takataka, na nyingi hazikuletwa na wapenda mapango. Shimo la chokaa shambani huonekana kama jaa lililochimbwa na Mungu. Watu hutupa humo chupa, betri, mikebe ya dawa za mazao, hata mizoga. Tatizo ni kwamba ardhi ya chokaa haichuji maji. Yanapita kwenye mifereji kama bombani. Mwaka 1877 huko Ujerumani walimwaga kilo 10 za rangi ya kijani mahali ambapo mto Danube huzama ardhini. Baada ya saa 60 hivi ikatokea kwenye chemchemi ya Aach, umbali wa kilomita 12. Naye Édouard-Alfred Martel, mwanasheria wa Kifaransa anayehesabiwa kuwa mwasisi wa elimu ya mapango, aliugua mwaka 1891 baada ya kunywa maji ya chemchemi. Alipoifuatilia akakuta mzoga wa ndama chini ya shimo lililokuwa linailisha. Hakunyamaza mpaka mwaka 1902 sheria ya Ufaransa ikapiga marufuku kutupa mizoga kwenye mashimo hayo. Kisa hiki tunawasimulia wenye mashamba. Huwa kinafanya kazi kuliko mabango.

Pili tunasafisha alama. Hii ni kazi ya watu wenye subira, na si ya brashi ya chuma. Wiki chache zilizopita tulikuwa na kiganja kimoja cha tope kwenye ukuta mweupe wa kalsaiti, yaani madini ya chokaa, vidole vitano wazi, kama mtu ameaga. Tulitumia maji ya pango lenyewe, chupa ya kupulizia na sifongo laini. Unapuliza, unagusa, unakamua sifongo kwenye ndoo, si sakafuni, unarudia. Saa tatu. Kidole gumba hakikutoka, maana chokaa mpya ilikuwa imeshaanza kukifunika, na kitabaki humo.

Tatu tunaweka vijia. Kamba nyembamba au utepe chini, pande mbili, na watu wote wanakanyaga katikati. Wageni huona kama tumeharibu uzuri. Lakini eneo likiwa na njia moja, matope ni ya njia moja.

Pia tunasafisha ya wazee wetu. Wale wa taa za kabidi, zilizowaka kwa gesi ya kabidi iliyolowa maji, walikuwa na mwanga mtamu wa manjano ambao hakuna betri iliyowahi kuuiga, lakini waliandika kwa moshi darini na kumwaga chokaa iliyotumika pembeni. Tuna rundo moja tunalolipunguza begi kwa begi mwaka wa pili sasa.

Kwani pumzi na miguu ya watu inaweza kuharibu pango kweli?

Pango la Lascaux, Ufaransa, lenye michoro ya kale, liligunduliwa mwaka 1940, likafunguliwa kwa watalii 1948, likafungwa 1963. Michoro iliyokaa maelfu ya miaka gizani ilikuwa imeanza kuota mwani na kupata utando wa chokaa kwa sababu ya pumzi, joto na taa za wageni. Miaka 15 ilitosha.

Vipi kuhusu popo? Wana magonjwa?

Tuanze na upande wao. Popo aliyelala akiamshwa hutumia akiba ya mafuta aliyoihitaji kwa msimu mzima, na mama akishtuka anaweza kudondosha mtoto. Kwa hiyo palipo na kundi la kuzaa hatuingii mpaka msimu uishe. Tukipita karibu nao tunazima maneno na kuelekeza taa chini. Huko Amerika ya Kaskazini, tangu 2006, kuvu inayoshambulia popo waliolala majira ya baridi imeua mamilioni yao, na mbegu zake hushika kwenye nguo na kamba. Ndiyo sababu tunadai vifaa vioshwe matope yote kisha vilowekwe kwenye maji ya moto ya nyuzi 55 kwa dakika 20 kabla ya kwenda pango jingine. Anayekuja na matope ya pango la jana anabaki nje akilinda magari.

Sasa upande wetu. Vumbi la kinyesi cha popo kilichokauka linaweza kuwa na kuvu inayoingia mapafuni, kwa hiyo palipo na vumbi tunavaa barakoa au tunaacha kabisa. Barani Afrika kuna jambo zito zaidi: popo wa matunda wa jamii ya Rousettus hubeba virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoua. Wapo watu walioambukizwa baada ya kutembelea pango la Kitum, mlima Elgon, Kenya, mwaka 1980 na 1987, na mwaka 2008 mtalii mmoja wa Kiholanzi alifariki baada ya kuingia pango liitwalo Python Cave, yaani pango la chatu, huko Uganda. Mapango yenye makundi ya popo hao hatuendi. Na ukipata homa wiki zile baada ya safari, mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa pangoni.

Hewa ikiisha je?

Mara nyingi haiishi, huchafuka. Hewa ukaa hukusanyika kwenye mabonde ya ndani, hasa palipo na majani yanayooza au popo wengi. Dalili ni kuhema bila sababu, kichwa kuuma, hasira za ghafla. Tunabeba kipima hewa. Ule mtindo wa kuwasha kiberiti unakuonyesha zaidi kupungua kwa oksijeni, na unaweza kuugua huku moto bado unawaka. Mtu wa kwanza akianza kuhema, tunageuka. Hatupigi kura.

Mvua ikinyesha?

Tukiona mawingu upande wa juu wa bonde, safari za mapango ya maji zinaahirishwa, hata kama mmeshafika na mmeshavaa. Watu hununa. Tarehe 23 Juni 2018 vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia pango la Tham Luang, Thailand, maji yakafunga njia nyuma yao. Walipatikana tarehe 2 Julai na wa mwisho kutolewa tarehe 10, na mzamiaji mmoja wa uokoaji alikufa katika kazi hiyo. Pango lenyewe lilikuwa na bango mlangoni la kuonya kuhusu msimu wa mvua.

Ndani, tazama kuta. Povu kavu, majani yaliyonaswa darini na tope jipya juu ya kichwa chako vinakuambia maji hufika wapi.

Mtu akiumia?

Hapa ndipo ukweli unapouma. Mwaka 2014 mchunguzi mmoja aliangukiwa na jiwe kichwani karibu mita 1,000 chini, katika pango la Riesending, Ujerumani. Kumtoa kulichukua siku 11 na watu zaidi ya 700 kutoka nchi kadhaa. Kifundo cha mguu kilichoteguka, ambacho nje ni kero ya kuchechemea hadi barabarani, pangoni ni shughuli ya usiku kucha kwa watu kumi.

Kila safari ina mtu aliyebaki nje na karatasi: pango gani, nani wameingia, wanaelekea sehemu gani, watatoka saa ngapi, na saa ngapi aanze kupiga simu za uokoaji. Saa hiyo ikifika hasubiri "kidogo". Na tukitoka tunampigia kabla ya kuvua buti. Kuna mwenzetu aliyevua kwanza, akalala garini kwa uchovu; aliamshwa na tochi za waokoaji. Bado anawaomba radhi.

Naweza kwenda mwenyewe siku za kazi, nijizoeze?

Hapana. Floyd Collins, mchunguzi wa mapango wa Marekani, alikuwa hodari kuliko yeyote kati yetu. Januari 1925 aliingia Sand Cave, Kentucky, peke yake, jiwe likanasa mguu wake. Watu walimfikia, wakamlisha, wakazungumza naye. Hawakuweza kumtoa, akafa humo. Tunataka angalau wanne: mmoja akiumia, mmoja abaki naye, wawili wakatafute msaada.

Watoto wanaruhusiwa?

Kwenye safari nyepesi, ndiyo. Mzazi au mlezi aingie naye, si kumsubiri garini. Watoto ni wapimaji hodari. Wanapita kusikopitika na hawaoni aibu kusema wamechoka.

Na haja je?

Nenda kabla hujavaa ovaroli. Ukizidiwa ndani, tuna chupa na mifuko ya kuziba, na ulichokitoa utakibeba mwenyewe mpaka nje. Chupa iandikwe. Sababu ya kuiandika tulijifunza kwa njia unayoidhania.

Tukigundua njia mpya, jina analitoa nani?

Walioipima, si aliyeiona kwanza. Hatuipi majina yetu wenyewe, na jina la mwenyeji likiwepo tayari hatuligusi. Kwenye ramani zetu utakuta "Ngoja Nipumue", "Buti Moja" na "Tulisema Turudi". Ipo pia inayoitwa "Mita Nne". Hiyo walinipa wenzangu nilipokuwa nimelala.